Cherehani Iliyofichwa kwa Muuza Mkaa

Cherehani ilikuwa imeshafika nusu ya njia, imefungwa kamba juu ya mkokoteni na kufunikwa gunia, kama mgonjwa ambaye ndugu zake wanamwonea haya. Msichana wa darasa la sita alikuwa akiusukuma mkokoteni kwa nyuma. Mbele alitangulia mjomba wake, mikono mitupu, akitoa amri.

"Taratibu hapo. Watu wasiione."

Watu waliiona. Mtaa ule ulikuwa wa mafundi, na mafundi huamka mapema. Fundi baiskeli aliinua kichwa akauliza kama kuna msiba. Msichana hakujibu, na hilo lenyewe lilikuwa ajabu, maana mtaani walimwita Chiriku kwa jinsi alivyoshindwa kunyamaza hata akiwa na maji mdomoni. Jumamosi nyingine, saa kama ile, angekuwa amechuchumaa chini ya cherehani hiyohiyo na chupa ya mafuta mkononi, akiipaka mafuta huku akimhadithia mama yake habari za shule, za kweli na za kuongeza. Leo alikuwa akiipeleka mafichoni, kwenye banda la muuza mkaa.

Lazima niwaeleze ilivyokuwa. Ilikuwa cherehani kuukuu, nyeusi, nzito, ya kukanyaga kwa miguu. Rangi ilikuwa imebanduka. Gurudumu lilikuwa limefungwa waya mahali lilipopasuka, na mguu mmoja ulikuwa umeungwa kwa chuma cha kitanda kibovu. Lakini ilishona turubai. Mama yake Chiriku alikuwa fundi wa maturubai, yale ya kufunikia malori, ya vibanda vya sokoni na ya mahema. Sare ya Chiriku, madaftari yake, kodi ya nyumba na dawa za homa, vyote vilipita chini ya sindano ya cherehani hiyo.

Na sasa ilikuwa inafichwa, kwa sababu Mjomba Tai alisema inatia aibu.

Mjomba Tai alikuwa mdogo wake mama. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuvua tai yake hata jua likiwaka vipi. Alijiita mshauri wa biashara, ingawa hakuwahi kuwa na biashara. Ungempa genge la vitunguu Jumatatu, Ijumaa ungekuta limekufa. Nimepita miji mingi na sijaona mji usio na mtu wa namna hiyo. Anashinda mlangoni mwa benki kama nzi mlangoni mwa bucha, anawaambia wenye shida kwamba anawajua wakubwa wa ndani, na ukichunguza unakuta anaowajua ni walinzi.

Shida ya mama ilikuwa moja. Zahanati ilikuwa imempa kazi ya kushona mahema ya kuwakinga wagonjwa waliokuwa wakisubiri nje juani. Hakuwahi kupata kazi kubwa kama hiyo. Lakini muuza turubai hakopeshi, na zahanati hailipi mpaka mahema yasimame. Asipopata kitambaa kabla mwezi haujaisha, kazi ingepewa fundi mwingine.

Alikuwa ameshakwenda benki, akiwa amevaa gauni lake la heshima, na Chiriku pembeni. Kijana wa kaunta hakuinua hata uso. Aliuliza kama ana hati ya nyumba. Mama akasema nyumba ni ya kupanga. Kijana akairudisha karatasi yake kwa ncha ya kidole, kama anayesukuma kombamwiko, akasema, "Mwingine."

Basi. Mtu amepanga foleni tangu asubuhi, anapewa neno moja, tena si lake. Njia nzima ya kurudi nyumbani mama alitazama chini, na Chiriku alimbebea ile karatasi.

Muda si mrefu benki hiyo ikapata mkuu mpya wa mikopo. Alikuwa mwanamke, mweusi, aliyekulia kwenye nyumba za kupanga kama ile ya kina Chiriku. Ukutani mwa ofisi yake zilitundikwa picha za wakuu waliotangulia, na hakuna hata mmoja aliyefanana naye. Wenzake walikaa wakingoja akosee. Yeye akaliondoa sharti la hati kwa mikopo midogo, akasema dhamana ya fundi ni kazi yake, na kwa kuwa kazi haionekani kwenye kaunta, itafuatwa iliko. Wakubwa wenzake walicheka sana. Walisema anazipeleka fedha za benki jalalani. Hakubishana nao. Aliwaonyesha tu nani analipa na nani halipi, na wengi wa wasiolipa walikuwa rafiki zao wenye hati. Kicheko kikapungua.

Mjomba Tai aliposikia kwamba mama huyo angefika mtaani kwao Jumamosi, alikuja mbio mpaka tai ikamwangukia begani.

"Huyo namjua nje ndani," alimwambia dada yake. "Hapendi uchakavu. Akiona hilo lichuma lako, mkopo umekufa."

Akapanga kila kitu yeye. Cherehani kuukuu ihamishwe. Kwa fundi wa magauni, jirani wa mlango wa pili, ziazimwe cherehani mbili za umeme zinazong'aa. Sakafu itandikwe zulia la plastiki, na mezani pawekwe maua ya plastiki. Karatasi ya maombi aliijaza yeye pia, akaandika kwamba fundi anahitaji mashine mpya na samani za ofisi. Kiasi alichoandika kilikuwa mara nyingi ya bei ya kitambaa, kwa sababu fungu lake lingekatwa humo, na fungu la kitu kidogo huwa dogo.

Mama alikataa, kisha akakubali. Msimcheke. Lile neno la kaunta lilikuwa bado limemkaa kooni, na mtu aliyedharauliwa hivyo huanza kuviangalia vitu vyake mwenyewe kwa macho ya aliyemdharau.

Chiriku naye alipewa somo. Kwenye sakafu ya saruji, cherehani ilikuwa imechimba vishimo vinne kwa miguu yake, na katikati kulikuwa na doa jeusi la mafuta. Akiulizwa hapo palikaa nini, aseme kabati. Akiongeza neno lolote, mjomba alisema, mama yake atakosa kazi ya mahema na kosa litakuwa lake.

Mkuu wa mikopo alikuja kwa miguu. Gari alikuwa ameliacha mwanzo wa mtaa, kwa sababu mtaa ule haukuwa na nafasi ya gari na watu kwa pamoja. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, viatu vya kutembelea, hana haraka. Nyuma yake alifuata kijana amekumbatia furushi kubwa kifuani, leso puani, akiruka madimbwi ili asichafue viatu vyake vyenye ncha. Mama yake Chiriku alimtambua mara moja. Alikuwa ni yule yule wa kaunta.

Chiriku alisalimu, "Shikamoo, mama," akajibiwa "Marahaba, mwanangu," na kabla salamu hazijaisha Mjomba Tai alikuwa ameanza hotuba. Alisema "mheshimiwa" mahali ambapo watu wengine huweka nukta. Alieleza jinsi karakana ile ilivyokwenda na wakati, jinsi dada yake alivyoachana na mambo ya kizamani, jinsi yeye mwenyewe alivyomshauri. Alifuta kiti kwa ncha ya tai yake. Mgeni hakukikalia.

Aliangalia kuta. Aliangalia cherehani mbili zinazong'aa, akapitisha kidole juu ya moja, akakitazama kidole. Akaiangalia mikono ya mama, iliyokuwa migumu na yenye makovu ya sindano nene. Kisha, alipokuwa akitembea, mguu wake ukazama kidogo kwenye zulia. Akalifunua kwa ncha ya kiatu.

"Hapa palikaa nini?"

"Kabati, mheshimiwa," mjomba akadakia.

"Sikukuuliza wewe." Akamgeukia Chiriku. "Mwanangu, hapa palikaa nini?"

Chiriku alimwangalia mjomba, akamwangalia mama.

"Kabati, mama."

Mkuu wa mikopo alilitazama lile doa jeusi kwa muda.

"Kabati linalokunywa mafuta," alisema, kama anayejisemea. Alimwashiria kijana, na kijana akaliweka furushi chini.

Mjomba Tai, aliyemjua mama huyo nje ndani, hakujua jambo ambalo hata mfagiaji wa benki alilijua. Mama huyo hakwenda kwa fundi mikono mitupu. Kwa mshona viatu alipeleka kiatu kilichoachama, kwa mhunzi alipeleka sufuria lisilo na mkono, na fundi alitengeneza mbele yake. Kazini walimwita Mama Kibovu, kwa siri na kwa dharau. Furushi lile lilikuwa turubai la kufunikia kuni zake nyumbani, nene kama ngozi, limepasuka katikati.

"Nishonee hapa, fundi," alisema. "Nitalipa kama mteja."

Mjomba alianza kueleza kwamba mashine leo zimepumzishwa, lakini hakuna aliyemsikiliza. Mama alikaa kwenye cherehani ya kuazima. Alijua. Fundi yeyote wa maturubai angejua, maana cherehani zile zilizaliwa kwa ajili ya hariri na lesi. Aliingiza pindo, akakanyaga, na sindano ikakatika ta. Akaweka nyingine. Ikakatika nayo. Ya mwisho ilipita nusu, uzi ukajikunja kama kiota cha ndege, mashine ikaguna, na harufu ya kuungua ikaanza kutoka.

Mlangoni walikuwa wamejaa watu. Fundi wa magauni akawapenya wote, mikono kichwani.

"Mnaniulia cherehani yangu! Mlisema ni ya kuonyesha tu."

Kijana wa kaunta alicheka waziwazi, akatoa leso puani ili acheke vizuri. "Nilikwambia, mkuu. Hawa ndio walivyo. Hawana kitu, na hicho wasichokuwa nacho wanakidanganyia."

Mkuu wa mikopo hakucheka wala hakukasirika. Aliinama, akaanza kulikunja turubai lake. "Twende," alisema. Afadhali angefoka.

Chiriku alimwona mama yake akitazama chini. Ulikuwa uso uleule wa siku ya benki. Na hapo mtoto akaelewa kitu ambacho mjomba wake mwenye tai hajakielewa mpaka leo: mahema yalikuwa yanaondoka pamoja na lile furushi, na yaliyokuwa yakiyaondoa ni yale aliyoyasema yeye.

"Si kabati," alisema. "Nilidanganya. Ni cherehani yetu. Inashona turubai hata ukilikunja mara mbili, mara tatu ukiitia mafuta. Ina mguu wa kitanda. Mjomba alisema ni mbaya, ikafungwa gunia, nikaisukuma mimi mwenyewe."

"Nyamaza wewe," Mjomba Tai alisema.

"Iko wapi?" mkuu wa mikopo aliuliza.

"Kwenye banda la muuza mkaa."

"Ileteni." Akamgeukia kijana wa kaunta. "Vua koti. Wewe ndiye utakayesukuma."

Wakatoka wote. Mama na Chiriku walishika kamba mbele, kijana alisukuma kwa nyuma, na mama wa mikopo alitembea kando, akiwasalimu watu. Vumbi la mkaa lilimpanda kijana kuanzia viatu mpaka kwenye nyusi. Fundi baiskeli akauliza kama marehemu amefufuka, na mtaa mzima ukaangua kicheko, isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa akikohoa mkaa.

Miguu ya cherehani ilirudi kwenye vishimo vyake vinne kama mtu anayelala kitandani kwake. Mama akaipangusa, Chiriku akaipaka mafuta, sindano nene ikafungwa. Mama akakanyaga. Ikalia kama ilivyolia siku zote, kwa kelele za mkutano wa bata, ikalipita lile turubai moja kwa moja mpaka mwisho, bila kusita. Mkuu wa mikopo alishika upande mmoja wa mshono, akamwambia kijana ashike wa pili, wakavuta. Walivuta mpaka kijana akateleza akakaa chini. Mshono ulibaki palepale.

"Unahitaji nini, fundi?" mkuu wa mikopo aliuliza.

Mjomba Tai akakohoa. "Mheshimiwa, kama nilivyoeleza katika—"

"Kumbe bado upo," alisema yule mama, bila hata kumgeukia.

Mama alifuta mikono. "Nahitaji kitambaa cha mahema ya zahanati, na uzi. Cherehani ninayo."

"Hapa pameandikwa mashine za umeme na samani za ofisi."

"Hayo si yangu," mama alisema. "Lakini niliyakubali yaandikwe. Siwezi kumsukumia mtu mwingine."

Mkuu wa mikopo aliichana karatasi ya mjomba katikati, akampa vipande mwenyewe. Kisha akamuuliza kijana wa kaunta alimwambia nini fundi huyu siku alipokuja benki. Kijana hakukumbuka. Mama ndiye aliyemkumbusha.

"Alisema, 'Mwingine.'"

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Jumatatu atakuja tena," mkuu alimwambia kijana. "Utasimama, utampa kiti, na utaandika atakachosema yeye. Nitakuwa nimekaa pembeni nikisikiliza."

Kisha akachuchumaa mbele ya Chiriku, uso kwa uso.

"Nisikilize, mwanangu. Cherehani kuukuu siidharau. Nyumba ya kupanga siidharau, nimekulia humo. Ninachokidharau ni mtu kuionea haya kazi inayomlisha, akaenda kuazima ya jirani ili anipumbaze. Umeona kilichotokea? Uongo wenu haukuuficha umaskini. Ulichoficha ni ufundi wa mama yako. Mngeniacha niondoke, ningeamini mpaka kufa kwamba hajui kushona."

"Nimekosa, mama," Chiriku alisema.

"Umekosa, halafu umerekebisha mwenyewe, watu wote wakikutazama. Wazee wenye vyeo ninaokaa nao mezani hawawezi hilo. Wanaficha mikopo yao mibovu chini ya zulia zuri kuliko hili lenu." Akasimama. "Kuanzia leo, mtu akikuuliza mna nini, mwonyeshe kilichopo. Akikidharau, hiyo ni aibu yake, na abaki nayo."

Alilipia ushonaji wa turubai lake. Akangoja chenji mpaka akapewa. Ndipo akaondoka, na kijana nyuma yake na furushi, haruki tena madimbwi kwa kuwa viatu havikuwa na cha kuokoa.

Hivi ndivyo ilivyokuwa baadaye. Mama alipewa mkopo wa kitambaa na uzi, bila kuongezwa kitu juu yake. Mahema yalisimama zahanati kabla mwezi haujaisha, na mkopo ulilipwa wote. Baadaye alinunua cherehani ya pili, kuukuu vilevile, ya kukanyaga.

Fundi wa magauni alidai sindano zake, akalipwa, na bado anazidai.

Kijana wa kaunta alihamishiwa kazi ya kutembelea mafundi. Wapo wanaosema amebadilika. Mimi niliyemwona nasema amebadilisha viatu, lakini siku hizi anainua uso anapozungumza na mtu, na huo ni mwanzo.

Mjomba Tai alihamia mji mwingine. Nilimkuta huko mlangoni mwa benki, na tai ileile. Aliniambia anamjua mkuu wa mikopo wa pale nje ndani.

Mama Kibovu alikaa kwenye kiti chake miaka mingi, na mafundi wa mitaa mingi kama ule walipata mitaji kwa sababu yake. Alipostaafu, wakubwa walitoa hotuba ndefu wakasema waliuunga mkono mpango wake tangu mwanzo. Picha yake iko ukutani, ya mwisho upande wa kulia, karibu na mlango wa choo.

Chiriku alimaliza shule, akasomea uhasibu, na sasa anawaandikia maombi ya mikopo mafundi wa mtaa ule. Anaandika wanachohitaji tu. Bado anasema sana.

Cherehani iko palepale kwenye vishimo vyake, na mguu wake ni ule wa chuma cha kitanda.